Magunia Mawili ya Majani ya Kuzuia Bahari

Wenzangu wa kikundi cha matuta, tangu nimerudi sijapita njia ya sokoni bila kusimamishwa mara tatu. Kila mmoja nimemsimulia kipande, na naona vipande vimeanza kupishana, maana juzi nimeambiwa kwamba nilizama. Sikuzama. Naandika yote mara moja, msome kwa zamu, na anayemaliza ampe mwenzake.

Dada yangu Hadija mnamkumbuka, au mmesikia habari zake. Aliolewa kisiwani na marehemu shemeji, aliyekuja huku kutafuta mbao akarudi na mke. Mama yetu hajawahi kuona bahari, na kisiwa hicho anakiita "kule majini", kama vile watu wa huko wanaishi wakielea. Mwaka huu Dada alipiga simu akasema bahari inakula uwanja wake na imekaribia jikoni. Mama akaniita.

"Amina, nenda kule majini ukamlete dada yako. Usirudi peke yako."

Nikajibu, "Ndiyo, Mama," nikatoka kwenda kukata majani ya gwatemala, haya yetu ya kushika udongo wa matuta.

Hapa lazima niseme jambo, maana bila hilo safari yangu haieleweki. Kile kishamba cha bondeni, kando ya mto, ninacholima karoti na kabichi masika na kiangazi, si changu. Ni cha Dada Hadija. Mama alimgawia kabla hajaolewa, na alipoondoka nikaambiwa nimwangalizie. Nimemwangalizia miaka ishirini na sita. Watoto wangu wote wamesoma kwa karoti za kile kishamba. Sasa mwenye shamba akirudi, mwangalizi anakwenda wapi?

Kwa hiyo niliwaza hivi: udongo unaoondoka ni udongo unaoondoka, hata ukiwa wa kisiwani. Sisi wanawake wa Gare tumeuzuia mlima mzima usiteremke, kwa mifereji na majani tu. Uwanja mmoja utatushinda? Nyumba ya Dada ikipona, hana sababu ya kuhama, na Mama ataelewa. Nilijaza miche magunia mawili, nikayalowesha maji, nikachukua jembe langu na ile fremu yetu ya kupimia kontua, ya miti mitatu yenye kamba na jiwe katikati.

Gare hadi Mombo

Bodaboda ilibeba gunia moja mbele ya dereva, lingine nyuma yangu, mimi katikati na fremu begani. Tulifika Lushoto mjini tukiwa tumeangusha mtu mmoja tu, naye aliinuka mwenyewe.

Kondakta wa basi aliitazama fremu. "Mama, hiyo ngazi?"

"Kipimo."

"Cha nini?"

"Cha bahari."

Akanipa kiti cha mbele, kile wanachowapa wagonjwa.

Kabla ya Soni tulikuta udongo umeporomoka na kufunga barabara. Tulikaa saa tatu tukisubiri greda. Wenzangu walinunua mapeasi na kulalamika. Mimi nilishuka kukagua ule mteremko, na nilichokiona kilinisikitisha: mahindi yamepandwa kufuata mteremko, hakuna mfereji, hakuna unyasi. Nikawaeleza abiria waliokuwa karibu kwamba maji yana tabia moja tu: yanatoka juu, yanakwenda chini, na ukiyakinga njiani yanatulia. Mzee mmoja alisema ni kweli kabisa. Nilifungua gunia nikapanda miche mitano pale pembeni, kama mfano. Naomba mkumbuke jinsi nilivyokuwa na uhakika siku ile.

Mombo hadi Tanga

Joto. Sina zaidi la kusema kuhusu kipande hiki. Niliyamwagia magunia maji yangu ya kunywa.

Tanga nililala kwa Saidi, mtoto wa mwisho wa Dada, ambaye ni seremala na anaishi chumba kimoja na mkewe na mbao zake. Aliyatazama magunia akasema kwa upole, "Mama mdogo, mbuzi wa Mama walishakufa."

"Si ya mbuzi. Nakwenda kuzuia bahari."

Saidi aliyasogeza magunia ukutani. "Mimi nimemwambia aje hapa mara nne," akasema. "Mara zote anajibu bado. Ukimuuliza bado nini, anabadilisha mazungumzo. Karibu chai."

Kusubiri maji

Boti la kwenda kule majini nililikuta limelala ubavu kwenye tope. Nahodha wake, Makame, alikuwa amekaa kivulini mwa boti hilohilo akishona turubai. Nilimsalimu, nikauliza tunaondoka saa ngapi.

"Maji yakijaa."

"Yatajaa saa ngapi?"

"Yakijaa utayaona."

Nilikaa. Nikwambieni ukweli, kwa mtu wa milimani jambo hili linakera. Basi likichelewa kuna kondakta wa kumgombeza. Hapa niliuliza nani anahusika, nikaonyeshwa mwezi.

Maji yalipojaa mashine ilikataa kuwaka. Ilipokubali kuwaka, maji yalikuwa yamekwishaondoka. Tukalala hapohapo pwani. Mama mmoja muuza chakula alinipa muhogo wa nazi na vipande vya nyama laini, vitamu. Nilikula sahani mbili ndipo nikauliza ni nyama gani. Aliniletea pweza mzima nimwone, kwa nia njema. Nikamshukuru. Kesho yake niliomba muhogo mtupu.

Siku ya pili tukipakia, Makame aliyanyanyua magunia yangu. "Haya ya ng'ombe?"

"Ya kuzuia bahari."

Aliitazama bahari, mbele yetu mpaka inapokutana na mbingu. Kisha akayatazama magunia.

"Mawili tu?"

Hakuwa anacheka. Nadhani alitaka kujua kweli kama mengine yanafuata.

Kule majini

Dada alinipokea ufukweni. Nilimwamkia, akaitika, tukashikana, tukalia kidogo kama inavyotakiwa, kisha tukalia tena kwa sababu tulikuwa tumeona jinsi tulivyozeeka. Akayaona magunia. "Umeniletea gwatemala," akasema. Hakuuliza ya nini. Yeye ni mtoto wa Gare.

Njiani alinionyesha kisiwa, na haikuchukua muda, maana kinaisha haraka. Minazi ya upande wa mashariki imebaki nguzo tu, vichwa vimekauka. Alipoolewa, nyumba yake ilikuwa ya nne kutoka baharini. Hajahama hata siku moja. Sasa ni ya kwanza.

Jirani yake, Bi Asha, alileta chai. Nilionja nikajua amekosea, ametia chumvi badala ya sukari. Kwa adabu nilikunywa kikombe kizima. Akaniongeza. Nikanywa. Akafurahi kuona mgeni anapenda chai, akaongeza cha tatu. Alipoondoka nikamnong'oneza Dada kwamba jirani yako kachanganya makopo.

"Hakuchanganya," Dada alisema. "Ndiyo maji ya kisima. Mvua ikikawia huwa hivyo. Sisi hatusikii tena."

Jioni ile alinipikia bada, unga wa muhogo kama wa nyumbani, na samaki. Hakutia chumvi. Haikuhitajika.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na kijiti kimechomekwa mchangani, kina mikato ya kisu. Kila asubuhi Dada alikwenda kukitazama. Kaburi la shemeji liko upande huohuo, na kila Ijumaa, baada ya kumwombea dua, alihesabu hatua kutoka kaburini hadi alama ya maji. Zilikuwa zimebaki tisa.

Kesho yake nilianza kazi. Mnajua utaratibu: kwanza unatembeza fremu, unatafuta mahali ambapo kamba inakaa katikati, unapigilia kigingi, unasogea, mpaka upate kontua, yaani mstari unaozunguka mlima kwa usawa. Nikasimamisha fremu. Kamba ikakaa katikati. Vizuri. Nikasogea kushoto, ikakaa katikati. Nikasogea kuelekea baharini, ikakaa katikati. Nikarudi nyuma ya nyumba, nikaenda mpaka msikitini, katikati. Nilidhani fremu imeharibika kwenye boti, nikaikagua. Ilikuwa nzima. Kisiwa kizima kilikuwa kontua moja.

Watu walikuja kutazama. Walileta hata viti.

Mfereji wetu wa fanya juu, kama mnavyojua, unachimba halafu udongo unautupa upande wa juu. Nilisimama na jembe lenye mchanga, nikageuka huku na huku kutafuta upande wa juu. Fanya juu inahitaji juu. Mwishoni nikaamua upande wa juu ni upande wa nyumba, kwa sababu ya heshima. Nilichimba siku mbili. Mfereji mzuri, wa kina cha goti, umenyooka, kutoka ukingoni mwa uwanja hadi nyuma ya jiko, kisha ukakata kona kuizunguka nyumba. Juu ya tuta nilipanda gunia zima la gwatemala, mche kwa mche. Bi Asha alisema hajawahi kuona uwanja umependeza vile.

Dada alinisaidia kubeba mchanga. Siku ya pili, tukiwa tumeinama, akaniuliza, "Kile kishamba cha bondeni unakilima bado?"

"Nakuangalizia."

"Karoti zinakubali?"

"Zinakubali."

Akaendelea kubeba mchanga.

Siku ya tatu ilikuwa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi. Yalifika baada ya Alasiri. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha Bi Asha nikiyasubiri, na nitasema ukweli kwamba nilikuwa na hamu ya kuyaona yakikutana na kazi yangu.

Hayakuja kwa kishindo. Yalisogea polepole, yakafika kwenye mdomo wa mfereji wangu, yakaingia. Yakaufuata wote, yamenyooka kama mfereji ulivyonyooka, bila kupotea, mpaka nyuma ya jiko, yakakata kona niliyoyakatia. Kisha yakapanda. Mengine yalitokea chini, kwenye matundu ya kaa, katikati ya uwanja, mahali ambapo hakuna mtu aliyeyakaribisha. Maisha yangu yote nimeona maji yanayotoka juu. Yale yalitoka chini na yakaingia kwa utulivu. Sikuwa na la kufanya nayo.

Yaliingia jikoni. Tulisikia moto ukizimika kwenye mafiga, sauti fupi tu, na jivu likatoka mlangoni likielea. Watu waliinua viti vyao wakasogea nyuma. Hakuna aliyenilaumu, na hilo lilinifedhehesha kuliko kulaumiwa. Ukuta wa udongo wa jiko ulilowa chini, ukakaa muda, ukakunjika.

Nilisimama kwenye maji yaliyofika kwenye vifundo vya miguu nikasema, "Dada, nisamehe."

Alikuwa akitazama mafiga. Hakulia. Akasema, "Nilikuwa nasubiri jiko. Nilijiwekea hivyo: maji yakizima moto wangu, naondoka. Si kabla. Nilihesabu imebaki kama mwaka." Akainama akaokota sufuria iliyokuwa ikipita. "Sasa naona umeniharakishia."

Miche yote ilikuwa ya manjano siku iliyofuata.

Nilikwenda kisiwani ili dada yangu abaki, na nikamchimbia njia ya kuondoka kwa jembe langu mwenyewe. Nililifikiria hilo siku nzima nikimsaidia kufunga mizigo. Alikwenda kaburini peke yake. Aliporudi alisema hatua zilikuwa saba. Kisha akakichomoa kile kijiti, akakifunga pamoja na mwavuli.

Gunia la pili, ambalo sikuwa nimelifungua, nilitaka kumwachia Bi Asha kwa ajili ya kuku. Dada alikataa. "Majani hayana kosa," akasema, akalilowesha maji ya mvua aliyokuwa ameyaweka kwenye ndoo.

Kurudi

Boti liliondoka saa waliyosema litaondoka. Sijui kwa nini. Makame aliniuliza kazi ilikwendaje. Nikamwambia bahari imekataa. Akasema, "Huwa inakataa," akaangalia mashine yake.

Saidi alituona mlangoni, mama yake na mizigo, mimi na fremu na gunia moja. Alimtazama mama yake muda mrefu. Hakuuliza bado nini. Alitupa kitanda, yeye na mkewe wakalala juu ya mbao. Asubuhi alitaka mama yake abaki naye, na nilijikuta nikimtetea mwanangu huyo kwa maneno mengi. Dada akasema, "Hapa nasikia mawimbi. Nataka kwenda mahali ambapo sitayasikia." Nikaanza kubeba mizigo.

Kupanda kutoka Mombo, Dada alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Miaka mingi ya kisiwani ilikuwa imemsahaulisha kona zile. "Mnalalaje huku?" akauliza. "Hamteremki?" Kina mama nyuma walicheka, naye akacheka, ndipo nikamtambua tena. Soni nilitafuta miche yangu mitano. Greda lilikuwa limeikwangua yote.

Mama alikuwa amekaa mlangoni. Dada alimwamkia Kishambaa, kikiwa kimeota kutu, na Mama akamshika uso akampapasa kama anayechagua viazi. "Umerudi mkavu," akasema.

Bondeni

Siku ya tatu Mama akaniambia, "Mpeleke dada yako akaone shamba lake." Tukateremka watatu, Mama kwa fimbo. Nililipalilia siku moja kabla. Sijui kwa nini. Labda nilitaka nikikabidhi, nikabidhi kitu kizuri.

Karoti zilikuwa zimesimama. Mto ulikuwa unapita hapo kando, hatua nne. Mnakijua kishamba hicho. Hakuna mtu Gare asiyekitamani. Dada alikwenda mpaka ukingoni. Akautazama mto. Akakanyaga udongo, maji kidogo yakajitokeza kuzunguka kiatu chake, akaondoa mguu haraka.

Akageuka akatazama juu, kupita nyumba yetu, kupita migomba, mpaka pale kwenye mawe. "Pale juu kabisa ni pa nani?"

"Pa mbuzi," nikasema.

"Naomba pale."

Mama akasema, "Hadija, pale hapana maji. Utapanda na ndoo mpaka uchoke."

"Ndiyo pale ninapotaka."

"Na hiki?"

"Hiki abaki nacho Amina. Kiko karibu mno na maji."

Nilipaswa kusema kitu. Nilisema, "Sawa," na nilikisema haraka kuliko inavyopendeza. Mama alinitazama, nikajifanya naangalia karoti. Yale niliyobebea magunia mpaka kisiwani nilikuwa nimepewa bure, na sikuona raha yoyote. Niliona aibu.

Yaliyofuata mnayajua, maana mlikuja wote kwenye msaragambo wa kumjengea, mkalalamika kwamba hakuna mtu anayejenga juu vile, na mawe mkayatoa. Gunia la pili la gwatemala alilipanda mwenyewe chini ya nyumba, mistari mitatu, kwa fremu. Kule kamba haikukaa katikati ovyo. Miche yote ilishika.

Kijiti chake amekichomeka kwenye mto, ukingoni mwa shamba la karoti. Kila asubuhi anateremka na ndoo, anakitazama kijiti, anachota maji, anapanda. Wiki iliyopita nilimuuliza mto unasemaje.

"Umeshuka."

Kiangazi kimeanza, karoti zangu zinataka maji, na dada yangu alikuwa anamshukuru Mungu.

Juzi ukingo wa mto ulibomoka kidogo ukachukua tuta langu la mwisho. Nilitaka miche ya kuushika, na mwenye gwatemala nzuri kuliko zote sasa ni yeye. Nikapanda mpaka kule juu. Nilifika nikihema. Nikamsalimu, nikamwomba.

"Kata tu," akasema. "Ila kwanza niambie, Amina. Yale majani uliyabeba mpaka kule kwa ajili ya nini?"

Kutoka pale juu unaliona bonde lote, na kishamba changu kidogo kando ya mto, kijani kuliko vingine. Nilikitazama. Ningeweza kusema nilibeba kwa ajili ya nyumba yake. Angekubali, au angenyamaza kama alivyonyamaza kisiwani.

"Hayakuwa ya kuzuia bahari," nikasema. "Yalikuwa ya kukuzuia wewe."

Dada aliingia ndani, akatoka na mundu, akanipa.

"Kata ya mstari wa chini," akasema. "Ndiyo yaliyoshika vizuri."